Zimamoto Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

Kazi ndiyo iliyompa jina. Kwenye kiwanda cha ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki, yeye alisimama mwisho wa mstari, akapokea beseni likiwa bado na joto la kalibu, akalizungusha mkononi, akapitisha kidole gumba ukingoni, kisha akaamua: hili liende dukani, hili lirudi likasagwe. Wenzake wakamwita Mkaguzi. Mkewe alilisikia jina hilo siku moja alipompelekea chakula getini, akalibeba hadi nyumbani, na tangu hapo hata majirani hawakumjua kwa jina jingine.

Ubaya wa kazi kama hiyo ni kwamba haivuliwi pamoja na ovaroli. Mkaguzi alikagua kila kitu. Akienda kununua viatu, muuzaji alitoka jasho. Akikaribishwa kiti kwa watu, alikitikisa kwanza. Mkewe alikuwa akiwaambia mashoga zake, "Mimi nashukuru aliniposa kabla hajaipata kazi ile. Angeniposa leo, ningerudishwa kwetu nikasagwe upya." Mkaguzi alicheka pamoja nao, maana alijua jicho lake ni kali, na alilionea fahari.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: maroboti yanayogeuka. Yale ya plastiki, ambayo gari ukilikunjua linakuwa jitu, ukilikunja linarudi kuwa gari. Yalimwingia siku alipomnunulia bintiye moja. Binti akalitazama, akaliweka chini, akatoka nje kuruka kamba. Baba mtu akaliokota. Akaligeuza mara moja, akaligeuza tena, na hapo ndipo alipopotea. Mtu anayeshinda na mabeseni anajua thamani ya kiungo kidogo kinachokaza bila kukwama. Polepole sebuleni kukaingia kabati la vioo, na ndani ya kabati maroboti yakasimama kwa safu, yote orijino, yamefutwa vumbi kwa brashi laini. Wenzake waliofuga kuku walimcheka. Aliwaambia kuku wao hufa.

Sasa, mama mkwe wake alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye umbo dogo na magoti yenye maumivu, aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kati yake na mkwewe palikuwa na heshima nene kama blanketi. Wakikutana waliamkiana, wakaulizana hali, wakaulizana hali za wengine, kisha kila mmoja akatafuta pa kutazama. Hawakuwa na ugomvi wowote. Hawakuwa tu na la kuongea. Siku aliyoliona kabati lile kwa mara ya kwanza, mama mkwe alisimama mbele yake kitambo, akasema, "Haya," akaenda kukaa. Mkaguzi aliliweka lile "haya" moyoni kama hukumu. Alijisemea kwamba bibi huyu anamwona mtoto.

Basi ikatokea familia ikahamia nyumba nyingine, kubwa kidogo, yenye sebule pana. Mkewe akasema haiwezekani kuhamia kimyakimya kama wezi. Lazima ndugu waje, wale, waione nyumba. Wakaalikwa. Jumamosi mchana sebule ikajaa, viti vikaazimwa kwa jirani, watoto wakamwagwa uani. Kila aliyeingia aliweka zawadi juu ya meza ya pembeni: sahani, mashuka, saa ya ukutani, seti ya glasi.

Watu walipokwisha kula, shemeji yake, mdogo wa mkewe, akasimama. Huyu waliomzoea walimwita Redio, kwa sababu akishawashwa hazimiki.

"Jamani, zawadi zifunguliwe mbele ya mashahidi!" alisema. "Mimi nafungua, Mkaguzi anakagua. Kitu kibovu kinarudi kwa mwenyewe hapa hapa!"

Watu wakacheka. Mkewe Mkaguzi alikuwa jikoni anaosha vyombo na shangazi yake. Mama mkwe alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, kikombe mkononi, miguu ameinyoosha kidogo kwa ajili ya magoti.

Sahani zikafunguliwa. Mkaguzi akaigonga moja kwa ukucha, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama jaji. Kicheko. Saa ya ukutani ikafunguliwa, akaitega sikio, akasema, "Inatembea, lakini inachechemea." Kicheko zaidi. Alianza kuona utamu. Mtu ambaye kwa kawaida huwa kimya penye wageni, siku akigundua kwamba anaweza kuchekesha, huwa kama mtoto aliyeonja sukari.

Ndipo Redio akachukua boksi lililofungwa kwa kitambaa cha buluu. Halikuwa na jina la aliyelileta. Akafungua kitambaa, akatazama, akapiga kelele. "Loo! Mkaguzi, ndugu yako huyu hapa!"

Lilikuwa roboti. Gari la zimamoto linalogeuka jitu. Mkaguzi alilifahamu vizuri, maana orijino lake lilikuwa kabatini, safu ya juu. Na kabla hata hajalishika alijua kwamba hili ni feki. Akamtazama Redio anavyochekelea, akaamua papo hapo: huu ni mzaha wake. Kaniletea feki makusudi anijaribu. Haya, nitamwonyesha.

"Lete hapa," alisema, akaketi sawasawa.

Alianza na boksi. Akawaonyesha jina lilivyoandikwa, herufi mbili zimepishana njiani. Akawaonyesha picha: gari jekundu la kung'aa. Kisha akalitoa lenyewe, na lilikuwa na rangi ya karoti iliyochemshwa sana. "Hili limeugua safarini," alisema, na sebule nzima ikacheka. Akalinusa, akakunja uso. "Plastiki ya kusaga mara ya tatu. Humu mna ndala za watu." Akalisukuma mezani, magurudumu matatu yakazunguka, la nne likaburuzwa. Akatazama macho yake, ambayo yalikuwa stika tu, moja limebandikwa juu, moja chini. "Linamkonyeza nani hapa? Mabinti, jihadharini."

Watu walikuwa hoi. Mjomba mmoja alikuwa anajifuta machozi. Mkaguzi akaanza kuligeuza, akikunjua miguu, akivuta mabega, na mikono ilipotokea akasimama akaiinua juu, watu wote waione. "Hebu tazameni. Tazameni vidole gumba. Mikono yote miwili ya kushoto! Huyu akiitwa kuzima moto, ndoo ataishikaje?"

Ni kweli. Huko lilikotengenezwa walikuwa na kalibu moja ya mkono, wakaitumia pande zote.

Katika kuligeuza, Mkaguzi aliona jambo jingine. Goti. Kwenye orijino, goti lile lilikuwa la plastiki tupu na lilipasuka. La kwake lilikuwa na ufa tayari, na kila mwenye roboti kama lile alilalamika. Lakini kwenye hili la feki mtu fulani, huko lilikotengenezwa, alikuwa ametia pini ya chuma. Lilikunjika laini, likakaa palepale alipoliacha. Mkaguzi alilikunja mara mbili, akajua kwamba hilo ni jambo zuri, tena zuri sana. Akalipita. Kicheko kilikuwa kimepamba moto, na sifa ingekuwa maji.

Badala yake akashika nyonga. Pale, mguu ulipoungana na kiuno, palikuwa na uzi, umezungushwa na kukazwa kwa fundo dogo.

"Mungu wangu!" alisema Mkaguzi. "Wameishiwa skrubu, wakaenda kuazima uzi kwa fundi cherehani!"

Hapo ndipo walipocheka kuliko pote. Wengine walimgeukia mama mkwe, kwa kuwa fundi cherehani mwenyewe alikuwa pale, wakacheka pamoja naye. Naye alikuwa anacheka. Mkaguzi alimwona: mabega yanatikisika, kiganja kimefunika mdomo.

Mkono mmoja ukachomoka, ukaanguka chini ya meza. Halafu, kwa kuguswa mahali fulani, lile roboti likaanza kulia king'ora.

Kilikuwa king'ora kweli, kikali, cha kutoboa masikio. Mkaguzi akatafuta swichi, haikuwepo. Akatafuta mlango wa betri; umekazwa kwa skrubu. Akalitikisa. Akalipiga kofi mgongoni. Watu wakacheka tena, kisha wakaanza kuziba masikio. Watoto wakaja mbio kutoka uani. Mkewe akatokea mlangoni, mikono ina povu la sabuni, akaona kilicho mikononi mwa mumewe, na uso wake ukabadilika. Hakumtazama mumewe. Alimtazama mama yake.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akashika mkono wa kiti, akainuka taratibu kwa ajili ya magoti yake, akavuka sebule katikati ya watu waliompisha. Akalichukua lile roboti kutoka mikononi mwa mkwewe. Mgongoni palikuwa na ngazi ndogo ya zimamoto. Akaibana kwa kidole gumba.

King'ora kikanyamaza.

"Ukibana ngazi, inanyamaza," alisema. Akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. "Endelea, mkwe wangu. Tunacheka."

Akarudi kukaa.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa ameelewa, hata watoto, na Mkaguzi alikuwa wa mwisho. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya nyumba mpya ilikuwa ya saruji, tena imara, aliikagua mwenyewe. Alifungua mdomo. Akaufunga. Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alizimika. Mwisho shangazi akaita kutoka jikoni kwamba chai iko tayari, na watu wakaishukia chai ile kana kwamba hawajawahi kuiona.

Mama mkwe alikaa kidogo tu, kwa adabu, asije akaonekana kaondoka kwa hasira. Akamsifia bintiye nyumba. Akaaga. Mkaguzi alimsindikiza hadi barabarani, hatua moja nyuma yake, na njia nzima maneno pekee yaliyomtoka yalikuwa, "Angalia mtaro hapo, mama."

Mkewe hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Alikunja kile kitambaa cha buluu, akakiweka kabatini pamoja na nguo zake, akaendelea na kazi zake. Mpaka kesho yake, wakinywa chai, ndipo alipozungumza, akitazama kikombe.

"Alinipigia simu kuniuliza yale madude yako yanaitwaje. Nikamwambia, 'Mama, achana nayo, mletee sahani.' Akasema sahani kila mtu analeta. Akasema, 'Nataka nimpe kitu anachokipenda yeye, tupate cha kuongea.' Nikampigia picha kabati lako, nikamtumia. Alizunguka nayo maduka na magoti yake yale."

Mkaguzi alizungusha kikombe chake mezani.

"Akajifunza kuligeuza. Peke yake, pale kwenye meza ya kukatia nguo. Majirani wakadhani kuna moto. Alitaka jana aligeuze yeye mwenyewe, mbele yako. Alikuwa anangoja nitoke jikoni, maana alikuwa anaona haya."

"Na ule uzi?" Mkaguzi aliuliza, ingawa alijua.

"Mguu ulikuwa unachomoka. Ule ni uzi wa vifungo. Aliupaka nta, ukaze."

Akainuka, akavichukua vikombe, na cha mumewe kilikuwa bado hakijanywewa.

Siku zilizofuata Mkaguzi alikuwa kama mtu aliyemeza mfupa. Akikumbuka mzaha wa ndala, alikunja uso peke yake. Akikumbuka wa fundi cherehani, alisimama. Aliukumbuka uso wa mama mkwe wakati anacheka, kiganja kimefunika mdomo, na sasa alijua kile kiganja kilifunika nini. Kibaya zaidi lilikuwa lile goti. Kwa ule mzaha angeweza kusingizia kutojua. Sikujua ni lako, mama, nilidhani ni la Redio. Lakini goti aliliona, akajua ni zuri, akalificha ili watu wasiache kucheka. Hilo halikuwa na kisingizio.

Kazini, mkono wake ukapoteza imani. Aliokota beseni, akaona ufa, akawaza mtu aliyelimimina, akaliachia lipite. Msimamizi akaja nalo.

"Mkaguzi, hili uliliona?"

"Nililiona."

"Ukafanya nini?"

Mkaguzi akatazama mabeseni yaliyokuwa yanaendelea kuja. Msimamizi akamwambia aende akanawe uso.

Jumamosi iliyofuata alilitengeneza lile roboti. Akaurudisha mkono, akaweka sawa gurudumu la nne. Uzi hakuugusa. Akalitia mfukoni, mfuko wa kaki wa dukani, akaenda kwa mama mkwe bila kumwambia mkewe, kwa kuwa alijua mkewe angesema, "Unaenda kumpoza yeye au kujipoza wewe?"

Alimkuta kwenye cherehani karibu na dirisha, rundo la sketi za buluu pembeni yake, chaki na mkasi mezani. Ilikuwa buluu ile ile ya kile kitambaa. Mama mkwe aliinuka haraka kuliko magoti yalivyopenda, akamfutia kiti kilichokuwa kisafi, akamwekea chai, akamwuliza hali, akamwuliza hali ya kazi, ya nyumba, ya mtoto. Heshima ilikuwa imeongezeka. Mkaguzi aliona afadhali angetukanwa.

"Mama," alisema, "nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, baba? Mambo ya kucheka yale. Kunywa chai, inapoa."

Yakaisha. Ilikuwa kama mlango umefungwa kwa adabu hata komeo halikusikika. Mkaguzi alikunywa chai. Kisha akatoa roboti kwenye mfuko, akaliweka mezani kati ya chaki na mkasi.

"Nilitaka unionyeshe unavyoligeuza."

Mama mkwe aliliangalia. "Nimesahau," alisema, akaingiza sketi chini ya sindano, akakanyaga pedali. Cherehani ikanguruma.

Alikuwa hajasahau. Wote wawili walijua. Mkaguzi, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akaanza kuligeuza mwenyewe. Alifuata utaratibu wa orijino: miguu kwanza, halafu mabega, halafu kichwa. Mabega yakakataa. Akayasukuma. Kichwa kikatoka nusu, kikakwama kikiangalia dirishani. Akarudi mwanzo, akajaribu upya, jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, mtu mwenye kabati zima la vitu hivi. Mkono mmoja wa kushoto ukaruka, ukatua kwenye rundo la sketi. King'ora kikaanza.

Mama mkwe hakuinua hata macho. Alinyoosha mkono, akabana ngazi, akaendelea kushona. Alishona mshono mzima hadi mwisho. Akakata uzi kwa meno. Mkaguzi alikuwa bado anapambana na mabega.

"Si hivyo," alisema mwishowe, kama mtu aliyevumilia vya kutosha. "Unaanza na kifua. Usipofungua kifua, mikono haina pa kupita, ndiyo maana inachomoka. Lete."

Akalichukua. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano, na vilikwenda bila kusita: kifua, mabega, akageuza kiuno, akavuta miguu kwa kuushika ule upande wenye uzi, akasukuma kichwa ndani kwa kucha. Gari likasimama mezani. Akalirudisha kuwa jitu, likasimama pia, mkono wake mmoja wa kushoto pembeni, linakonyeza.

Mkaguzi alilitazama. Maneno aliyokuja nayo njiani yote yalikuwa yamekimbia, likabaki lile moja ambalo hakutaka kulisema.

"Goti lake ni zuri, mama. Zuri kuliko la orijino. Wametia chuma. La kwangu limepasuka." Akaligusa kwa kidole. "Niliona siku ile ile, pale pale nikiwa nalo mkononi. Sikusema."

Mguu wa mama mkwe uliondoka kwenye pedali.

"Uliona?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Wangeacha kucheka."

Nje mtu alipita akiburuza mkokoteni. Mama mkwe alichukua mkono ulioanguka, akaurudisha begani pa roboti, na alipozungumza, ile sauti ya kumkaribisha mgeni ilikuwa imetoka.

"Nitakwambia kilichoniuma, kwa kuwa umekuja kwa miguu yako. Si hilo dude. Nililinunua nikijua si kama yale yako. Muuzaji mwenyewe hakunificha. Wala si ule uzi, ingawa uzi ule niliuweka vizuri. Kilichoniuma ni kwamba nilicheka. Nilikaa pale, nikasikia unavyokichambua kitu changu, nikacheka na watu, nisije nikajulikana. Mtu mzima mimi. Nimefika nyumbani nikajiuliza, hivi nilimwogopa nani?"

Mkaguzi aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja na aibu yake peke yake, akidhani ndiyo yote iliyokuwepo. Hakuwa amefikiri kwamba na mwenziwe alipewa ya kwake aende nayo nyumbani.

"Nitawaita tena," alisema. "Wote waliokuwepo. Nitasimama mbele yao niseme ukweli."

"Usithubutu!" Mama mkwe aliinua kidole, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimkemea kama angemkemea mwanawe. "Unitangaze tena? Mara moja imetosha. Wewe ukishasema utajisikia mwepesi, na mimi nitakaa tena kwenye kiti kile wakinitazama. Hapana. Kaa nayo. Na mimi nitakaa na yangu."

"Sawa, mama."

"Kunywa chai yako."

Akainywa. Ilikuwa imepoa. Alipoinuka kuaga alinyoosha mkono kulichukua roboti alirudishe mfukoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba atalipa nafasi kwenye kabati, safu ya juu.

"Kila mgeni atauliza lile la karoti limefuata nini pale," mama mkwe alisema. "Utajibu nini? Liache hapa. Mimi nimelizoea."

Akalisogeza karibu na dirisha, mbali na chaki. Mkaguzi akaenda zake na mfuko mtupu, ameukunja mara nyingi mpaka ukaenea kiganjani.

Si kwamba mambo yaliharibika. Mama mkwe aliendelea kuja, ila akija alipitia mlango wa nyuma, akakaa jikoni na bintiye, sebuleni hakukaa. Mkaguzi akajizoesha kwenda kwake baadhi ya Jumamosi, akamtilia cherehani mafuta, akamkazia mkanda. Waliongea kidogo kuliko ambavyo mgeni angetegemea, na zaidi kidogo kuliko zamani. Siku moja hata mama mkwe alimwonyesha jinsi mshono wa kiwandani unavyotofautiana na wake, na Mkaguzi alisikiliza kwa mikono iliyokunjwa, asiguse kitu.

Tatizo lilikuwa Redio. Kimya chake hakikudumu. Kila kwenye mkusanyiko alikisimulia kisa cha zimamoto, kwa kuigiza, king'ora na yote. Mkaguzi akamvuta pembeni, akamwomba aache.

"Lakini shemeji," Redio alisema kwa mshangao wa kweli, "mbona maneno yote ni yako? Mimi siongezi kitu."

Mkaguzi akamwachia aende, maana ni kweli Redio hakuongeza kitu.

Miezi ikapita, ikaja baridi. Jioni moja mkewe alikuwa kwenye simu na mama yake, sauti imefunguliwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye unga. Mkaguzi alikuwa anapita kwenda kunawa. Akamsikia mama mkwe akisema kwamba ameshona blanketi la vipande, kubwa, la kitanda chao, na kabla hajalileta anataka kuuliza.

"Kuuliza nini, mama? Lete tu."

"Mwulize kwanza mumeo. Vipande vingine ni vya buluu, vingine vya kijivu, na pembeni havikulingana vizuri. Mwulize kama litamfaa. Nisije nikamletea kitu chenye kasoro."

Hakukuwa na kijembe ndani yake. Mkaguzi alisikiliza vizuri, alikitafuta, hakukiona. Mama mkwe alikuwa anauliza tu, kwa uangalifu, kama muuzaji anavyomwuliza mteja mgumu. Mkewe aligeuka, mikono ina unga, akamtazama mumewe.

"Mwambie linanifaa," Mkaguzi alisema. "Mwambie linanifaa sana."

Mkewe akarudia kwenye simu.

"Hajaliona bado," mama mkwe alisema. "Mwache kwanza aje alione."